Mrija Ulioota Jua

Vitamini C haina subira.
Chumvi husubiri, madini ya chuma husubiri, hata malaria
hukaa kwenye kioo cha darubini ikikungoja umalize chai;
hii ukiiacha mwangani inaondoka bila kuaga.
Ndiyo maana mirija tunaivisha foili,
tunailaza kwenye barafu, sanduku tunalifunika
kwa kanga ya Theofrida iliyoandikwa
YANGU HAYAANIKWI UANI.

Jumanne, Vingunguti, nyumba ya kumi na moja.
Mwantumu Pazi, miaka thelathini na miwili,
mimba ya miezi mitano,
alitoa mkono kama mtu anayekopesha
na haamini kama atalipwa.
"Damu yote hiyo?"
Kijiko kimoja tu cha chai, nikamwambia.
"Kijiko changu au chako?"
Watoto mlangoni wakanong'ona: mumiani.
Akacheka peke yake.
Theofrida hakuukosa mshipa.

Nikamuuliza jana alikula nini, fomu inataka.
Ugali. Dagaa. Mchicha.
Mchicha uliupika muda gani?
"Mpaka ukaiva."
Matunda?
Akalitazama toroli la machungwa likipita,
yamemenywa, yamepangwa, yanang'aa.
"Yale nayaona kila siku. Andika: ameyaona."
Fomu haina kisanduku cha kuona.

Kutoka mshipani hadi kwenye friza tuna saa mbili.
Relini Buguruni mabehewa ya mizigo yalikwama
katikati ya barabara kama ng'ombe wa mwenye shamba.
Kilumanga akazima injini, dizeli ni ya kuhesabu.
Barafu ikawa maji, maji yakawa vuguvugu,
na kanga ilikuwa imeteleza.
Nililiona jua kwenye kona ya sanduku,
dogo kama sarafu,
limekaa juu ya mrija mmoja.
Nikaufunika. Sikusema.

Maabara, ghorofa ya pili, feni na harufu ya asidi.
Damu ikazungushwa, ikajigawa:
wekundu chini, na juu majimaji
ya rangi ya mchaichai.
Mashine ikachora vilima vyake.
0415: arobaini na moja.
0416: ishirini na nane.
0417: nne.

Nne ni kiseyeye kinachobisha hodi.
Nne ni fizi zitakazoacha damu kwenye mswaki,
kidonda kinachosahau kufunga,
mwanamke anayechoka kabla ya saa tatu asubuhi
na kuambiwa ni mimba tu.
Au nne ni reli ya Buguruni.
Nne ni kanga iliyoteleza na mimi niliyenyamaza.
Mashine haijui njaa ya mtu na uzembe wa mtu,
vyote huvisoma kwa sauti moja.

Dokta Rweyongeza akasema iache,
mirija ni mia nane, mmoja hautikisi wastani.
Wastani!
Huyo hajawahi kupanga chumba Vingunguti,
hafui, hachoti maji, hana mimba.
Nikapiga mstari juu ya namba
na pembeni, kwa kalamu nyekundu:
iliota jua, kosa langu.

Alhamisi nikarudi na barafu maradufu.
Nilimkuta anafua.
"Ile ya kwanza mmeinywa?"
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kitaalamu njia nzima,
yakanikauka mdomoni.
Nikamwambia: niliiacha juani, ikaharibika.
Akakamua shati la mtoto, taratibu,
mpaka tone la mwisho.
"Kumbe na ninyi mnaunguza mboga."

Akafuta povu kwenye mkono,
wa kushoto safari hii, akaunyoosha.
Kabla Theofrida hajafungua sindano
akalisukuma sanduku letu kwa mguu
hadi kivulini.